Mto unaokwenda huganda vipi?

Swali: Assalaamu alaykum. Mwanangu anasoma Harbin, China. Juzi alinipigia simu ya vidio akiwa amesimama katikati ya mto Songhua, na nyuma yake farasi wanakokota magari juu ya barafu. Mimi ni mtu wa Wete, barafu naijua ya kwenye friji. Maji yaliyotulia kwenye bakuli kuganda naelewa, lakini mto unakwenda: unaganda vipi? Huko chini bado ni maji, au ni barafu mpaka mchangani? Samaki wanaishije? Na kubwa linalonikosesha usingizi: kweli mtu anaweza kusimama pale kwa amani?

Jibu: Waalaykumu salaam, mama. Nakupa jibu fupi kwanza ili utulie, kisha tuingie ndani. Mto mkubwa kama Songhua hufunikwa na barafu kwa juu. Chini yake maji yanaendelea kwenda usiku na mchana mpaka majira ya baridi yaishe, na samaki wamo humo. Mwezi wa Januari, katika sehemu zilizopimwa na kuruhusiwa, barafu ya pale inabeba watu na magari bila ya tabu. Lakini kwa kuwa maji yanakwenda chini yake, barafu hiyo haina unene mmoja, na hapo ndipo penye hatari ambayo mwanao anapaswa kuijua. Maswali yako yote yanajibiwa na jambo moja: namna joto linavyotoka majini.

Joto la mto hutoka kupitia juu, kwenye uso wa maji unaogusana na hewa, na linatoka kwa njia tatu. Ya kwanza ni mnururisho. Kila kitu hutoa joto kwa mionzi isiyoonekana kwa macho, na maji ni hodari wa kazi hiyo: hata yakiwa na nyuzi 0 za sentigredi hutoa zaidi ya wati 300 kwa kila mita moja ya mraba. Anga nayo hurudisha mionzi chini, ila kiasi inachorudisha hutegemea mawingu na mvuke uliomo hewani. Hapa kwetu hewa imejaa mvuke mwaka mzima, kwa hiyo sehemu kubwa ya joto linalotoka kwenye maji hurudi. Ndiyo maana hata usiku wa kipupwe, mwezi wa Julai, mto wa Mwera kule Unguja au vijito vya mabonde ya mpunga ya Pemba haviwi baridi ya kumshtua mtu anayetia mguu. Harbin mwezi wa Januari wastani wa joto ni karibu nyuzi 18 chini ya sifuri, hewa ni kavu na mara nyingi anga ni safi. Usiku usio na wingu, maji yaliyo wazi katika baridi kama hiyo yanapoteza zaidi ya wati 100 kwa mita ya mraba kwa mnururisho peke yake, hata baada ya kutoa kile kilichorudishwa na anga.

Njia ya pili ni hewa yenyewe. Hewa ya baridi inayogusa maji hupata joto, inakuwa nyepesi, inapanda, na nyingine ya baridi inashuka mahali pake. Upepo ukivuma kazi hiyo huenda mbio zaidi. Njia ya tatu ni mvuke. Kila kilo moja ya maji inayogeuka mvuke huondoka na karibu kilojuli 2,500 zilizotolewa kwenye maji yanayobaki (kilojuli ni kipimo cha joto: wati 1,000 kwa sekunde moja), kama mtungi unavyopoza maji kwa kuvuja kidogo kidogo na kukauka kwa nje. Mwanao bila shaka aliwahi kuona, mwezi wa Novemba kabla mto haujafunikwa, ukungu mzito unaofanana na moshi ukipanda kutoka majini asubuhi. Huo ni mvuke wa mto uliogeuka tena matone pale pale ulipokutana na hewa ya baridi.

Wahandisi wa mito, wanapotaka hesabu ya haraka, hujumlisha njia zote tatu na kusema: kwa kila nyuzi 1 ya tofauti baina ya maji na hewa, mto unapoteza baina ya wati 15 na 25 kwa mita ya mraba. Maji yakiwa sifuri na hewa nyuzi 10 chini ya sifuri, tofauti ni 10, kwa hiyo mto unapoteza kama wati 200. Tutaitumia nambari hii.

Kinachoingia kufidia ni kidogo. Mwezi wa Disemba Harbin haipati hata saa 9 za mwanga, na jua lenyewe hupita chini, karibu na upeo wa macho. Mchanga wa chini ya mto unarudisha kidogo joto uliloweka wakati wa kiangazi. Watu wengi hudhani kwamba mwendo wa mto unayapa maji joto kwa msuguano. Kweli unatoa, lakini mto ukishuka mita 100 nzima, msuguano wote huo unayaongezea maji chini ya robo ya nyuzi 1. Chenye nguvu khasa ni chemchem za chini ya ardhi, maji machafu yanayotoka mjini na viwandani, na maji yanayofunguliwa kutoka chini ya mabwawa ya umeme. Mto Yenisei nchini Urusi, tangu lilipojengwa bwawa kubwa upande mto unakotoka, kabla haujafika mji wa Krasnoyarsk, haugandi tena pale mjini, ingawa baridi ya huko inashuka nyuzi 30 na zaidi chini ya sifuri. Jambo hili lihifadhi, tutalirudia tukifika kwenye usalama.

Sasa tupige hesabu. Chukua mto wenye kina cha mita 2 unaopoteza hizo wati 200. Kwa siku moja ni kilojuli 17,280 kwa kila mita ya mraba. Chini ya mita hiyo kuna kilo 2,000 za maji, na kila kilo inapaswa kutoa kilojuli 4.18 ili ishuke nyuzi 1. Ukigawa, mto unashuka nyuzi 2 kwa siku. Kina kikiwa mita 1 unashuka nyuzi 4; kikiwa mita 8 unashuka nusu nyuzi. Maji yakianza na nyuzi 10, siku 5 za baridi ya namna hiyo zinayafikisha sifuri. Katika hali halisi huchukua wiki kadhaa, kwa sababu mwezi wa Oktoba jua bado linarudisha mchana sehemu ya kilichopotea usiku, na baridi yenyewe huja ikaondoka, ikaja tena.

Kufika sifuri si kuganda. Ili kilo moja ya maji yaliyokwisha kufika sifuri igeuke barafu, inapaswa kutoa kilojuli 334 nyingine. Ni joto lile lile ambalo kilo hiyo ingelitoa ikipozwa kutoka nyuzi 80 hadi sifuri. Kwa hiyo kilojuli zetu 17,280 za siku moja zinatoa barafu kilo 52 kwa mita ya mraba, sawa na sentimita 5 na nusu hivi, na wakati wote huo maji yanayobaki hayashuki.

Hapa ndipo mwendo wa mto unapoingia, na hili ndilo swali lako la kwanza. Maji yana tabia ya pekee: huwa mazito kuliko wakati wote yanapokuwa na nyuzi 4. Katika ziwa au dimbwi lililotulia, maji yakishapita chini ya nyuzi 4 huanza kuwa mepesi na kubaki juu. Tabaka jembamba la juu linafika sifuri na kuganda huku chini bado kuna nyuzi 4. Mto haukubali mpangilio huo. Mawe, mapinda na mkondo wenyewe huyavuruga maji kutoka juu hadi chini, na kila tone linalopoa juu huchanganywa na mengine. Kwa hiyo mto mzima, kutoka uso mpaka mchanga, hushuka pamoja. Matokeo yake ni mawili. Mto huchelewa, na unaweza kuona dimbwi la jirani limeshafunikwa na mto bado uko wazi. Lakini ukishafika sifuri, umefika wote.

Kwenye kingo, ambako maji yanakwenda polepole, chini ya sentimita 30 hivi kwa sekunde, barafu hufanyika kwa njia unayoifahamu: utando mwembamba juu ya maji, unaoshikamana na ukingo na kuota kuelekea kati. Katikati, penye mkondo, utando hauwezi kusimama. Hapo barafu huanzia ndani ya maji.

Usiku wa baridi kali usio na wingu, joto linatoka kwa kasi kiasi kwamba maji yote ya mto yanapita chini ya sifuri, kidogo sana: sehemu chache za mia moja za nyuzi, tuseme 0.03 au 0.05 chini ya sifuri, bado yakiwa maji. Kinachokosekana ni pa kuanzia. Kisha inaanguka chembe ya theluji, au tone lililorushwa na upepo likaganda hewani na kurudi mtoni, na chembe hiyo inapata maji yaliyo tayari. Papo hapo inaota kuwa kisahani cha mviringo cha barafu, kipana milimita 1 hadi 4, chembamba chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, kiangavu kabisa hata ukikitia kwenye kiganja unakiona kwa mng'aro wake tu kabla hakijayeyuka. Msukosuko unakigonganisha na vingine na mawe, vipande vinamegeka, na kila kipande kinaota kisahani chake. Katika muda mfupi mto umejaa chenga za barafu kutoka juu hadi chini. Kila chenga inapoganda inatoa zile kilojuli 334 kwa kilo, na joto hilo ndilo linaloyarudisha maji karibu na sifuri. Mto unaokwenda, basi, unaganda kwa sababu kuganda hakuhitaji maji yasimame. Kunahitaji joto litoke na chembe ya kuanzia iwepo, na mkondo unasaidia yote mawili.

Ukitaka kuliona jambo hili hapo nyumbani, siku umeme uko sawa, laza chupa tatu za nusu lita za maji ya dukani, zisizofunguliwa, ndani ya friza kwa muda wa saa 2 hadi 2 na nusu. Zichungulie kila dakika 10 baada ya saa 2. Moja pengine itaganda mapema na kukuharibikia. Ndiyo maana nasema tatu. Itakayobaki maji itoe taratibu, kisha igonge mara moja kwa nguvu kwenye meza. Utaona barafu ikitembea ndani ya chupa kwa sekunde chache mpaka yote iwe uji. Maji hayo yalikuwa nyuzi kadhaa chini ya sifuri. Kama yalikuwa 5 chini, sehemu 6 tu kwa mia ndizo zilizoganda, na joto zililolitoa wakati wa kuganda limeyarudisha mengine yote sifuri. Mto haufiki mbali kiasi hicho, kwa sababu unavurugika na hauishiwi na chembe za kuanzia, lakini tendo ni hilo hilo.

Chenga hizi, maadamu maji bado yako chini ya sifuri, zina unato mkubwa. Zinashikana zenyewe kwa zenyewe, zinashika mawe, mizizi, na kila chuma kilichomo majini. Zikishika mawe ya chini, barafu huota kutoka sakafuni. Kwa hiyo ukiuliza kama chini kuna barafu, jibu ni kwamba kwenye sehemu za mkondo mkali na kina kifupi, usiku fulani, ipo, imekaa juu ya mawe na maji yanapita juu yake. Asubuhi jua likipiga na maji yakipanda hata sehemu moja ya mia ya nyuzi, inaachia na kuelea, mara nyingine ikiwa imebeba mawe.

Wanaoumia na chenga ni wahandisi wa maji na umeme. Mdomo wa bomba linalochota maji mtoni huwekewa chujio la nondo ili kuzuia magogo. Chenga zikizishika nondo hizo, chujio lililokuwa wazi jioni linaweza kuzibwa kabisa kabla ya alfajiri, na mji ukakosa maji huku mto umejaa. Kuzigonga au kuzikwangua hakusaidii sana, kwa sababu nyingine zinakuja kila sekunde. Kinachosaidia ni kuzipasha nondo moto kidogo tu, ziwe juu ya sifuri, kwani chenga haikai juu ya kitu kisicho chini ya sifuri. Au kutumia mbao na plastiki badala ya chuma, maana chuma hupitisha baridi ya hewani hadi ndani ya maji. Au kusimamisha uchotaji kwa saa zile chache za usiku. Dawa iliyo bora kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kuusaidia mto ufunikwe mapema. Wasimamizi wa mabwawa hupunguza maji wanayoyafungua kwa siku kadhaa ili mkondo upoe mwendo na barafu ishike juu. Mto ukishafunikwa, maji hayagusani tena na hewa, na utengenezaji wa chenga unakoma. Kwa shabaha hiyo hiyo, tangu 1964 huwekwa mlolongo wa maboya mazito pale Ziwa Erie linapoingia mto Niagara, baina ya Kanada na Marekani, ili barafu ishike ziwani na isiende kuziba mitambo ya umeme.

Turudi kwenye mto. Chenga zikishikana kuwa mabonge hupata nguvu ya kuelea na kupanda juu. Zinajikusanya kuwa rojo la barafu, juu yake panaganda ngozi ngumu kwa kuwa hapo ndipo penye hewa, na vipande hivyo vinavyozunguka na kugongana hupata umbo la duara lenye kingo zilizoinuka. Mto kwa wakati huo umejaa maduara meupe, mengine madogo kama sinia, mengine mita kadhaa, yote yanashuka na mkondo. Yakiongezeka mpaka yachukue sehemu kubwa ya uso wa mto, siku moja yanakwama. Hukwama penye mwembamba, penye pinda, penye nguzo za daraja, au pale barafu za kingo mbili zimekaribiana. Kinachofuata huegemea hapo, na kingine nyuma yake, na barafu inajengeka kurudi juu, kinyume cha mkondo.

Hapo kasi ya maji ndiyo inayoamua. Maji yakipita chini ya sentimita 60 au 70 kwa sekunde, vipande vinajipanga kwa utulivu ubavu kwa ubavu. Yakipita zaidi ya hapo, mkondo unakikamata kipande kwenye ukingo wake wa mbele, unakibinua na kukiingiza chini, na vipande vinarundikana chini ya barafu iliyokwisha shika. Rundo hilo linaweza kuziba sehemu kubwa ya njia ya maji. Mwisho wa Machi 1848 barafu ya Ziwa Erie ililiziba lango la mto Niagara kiasi kwamba maporomoko yake maarufu yalikatika kwa zaidi ya siku moja, na watu wakatembea kwenye mwamba wa chini ya mto.

Mto ukishafunikwa, barafu hunenepa kwa chini, na mwendo wake hupungua kadiri inavyonenepa, kwa kuwa joto la kuganda linapaswa kupita ndani ya barafu yenyewe kwenda juu. Josef Stefan, mwanafizikia wa Vienna, ndiye aliyeiandika hesabu hii mwaka 1891; na ndiye yule yule ambaye mwaka 1879 alitoa kanuni ya mnururisho tuliyoanzia. Zijumlishe nyuzi za baridi za kila siku: siku 10 zenye wastani wa nyuzi 20 chini ya sifuri zinafanya 200. Tafuta kipeuo cha pili, yaani nambari ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa 200: ni kama 14. Zidisha kwa 3.5, unapata sentimita 49. Huo ni ukomo wa hesabu, kwa barafu isiyo na theluji juu na isiyopata joto kutoka chini. Mtoni, penye theluji na mkondo, mara nyingi huzidishwa kwa 2 au pungufu, na unapata sentimita 28.

Theluji ndiyo inayoleta tofauti kubwa. Barafu hupitisha joto mara 10 hivi kuliko theluji. Barafu ya sentimita 30 iliyo wazi, hewa ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri, inaongezeka karibu sentimita 3 kwa siku. Iwekee theluji ya sentimita 10 juu, itaongezeka chini ya sentimita 1. Kwa hiyo ikiwa sehemu mbili za mto ni mlango kwa mlango, moja imefagiliwa na upepo na nyingine ina theluji nzito, ile inayoonekana nene na laini kwa macho ndiyo yenye barafu nyembamba. Ndiyo sababu vile vile mto mkubwa haugandi mpaka mchangani: kadiri barafu inavyokuwa nene ndivyo joto linavyotoka polepole, na maji mapya yanaendelea kuja kutoka juu. Vijito vidogo huganda mpaka chini. Maji yao hutafuta njia, yakapanda juu ya barafu na kuganda hapo tabaka juu ya tabaka.

Samaki, basi, wanaishi kwenye maji ya sifuri. Miili yao haihitaji joto kama yetu. Hupunguza mwendo na kula kidogo, na huhamia kwenye vina virefu vyenye mkondo mdogo, au karibu na chemchem. Pumzi si tatizo la mwanzo, kwa sababu maji ya baridi yana oksijeni nyingi: lita moja ya maji ya sifuri hushika miligramu 14.6, na ya nyuzi 25 kama ya kwetu hushika 8.3 tu. Tatizo huja mwishoni mwa baridi, barafu ikishaziba hewa kwa miezi na uozo wa chini umekula oksijeni iliyokuwemo. Sehemu za chini za mto Ob nchini Urusi hupata vifo vya samaki kwa sababu hiyo karibu kila mwaka. Chenga na barafu ya chini nazo huharibu mayai yaliyotagwa baina ya mawe.

Sasa mwanao. Kwa barafu safi, ngumu, yenye rangi ya buluu au inayoonekana nyeusi, mtu kwa miguu anahitaji sentimita 10, na gari dogo 20 hadi 30. Barafu nyeupe, ile iliyotokana na theluji kuloa na kuganda, ina kama nusu ya nguvu, kwa hiyo vipimo hivyo viwe mara mbili. Ya rangi ya kijivu imeingia maji, asiikanyage. Vipimo hivi viliwekwa kwa ajili ya maziwa yaliyotulia. Mtoni mkondo unakula barafu kwa chini bila ya kuonekana, na sentimita 50 za hapa zinaweza kuwa 10 mita chache mbele. Mwambie akae mbali na nguzo za madaraja, upande wa nje wa pinda, mahali kijito kinapoingia, na khasa mdomo wa bomba lolote la mji au kiwanda, kwa ile sababu niliyokwambia ya Yenisei. Maji ya mto yakipungua baada ya barafu kushika, barafu hubaki imening'inia juu ya pengo lenye hewa. Mlio wa tupu chini ya miguu ni dalili ya kurudi nyuma. Njia iliyo salama kuliko zote ni kupita pale palipowekwa alama na wenyeji, na si peke yake.

Na ajue la kufanya akitumbukia, maana anayelijua kabla ndiye anayetoka. Dakika 1 ya mwanzo mwili unashtuka na pumzi zinakwenda ovyo: asihangaike kutoka, ashike ukingo wa barafu na atulize pumzi. Ana kama dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inamtii. Ageukie upande aliotokea, kwa sababu barafu ya huko ilishambeba. Atandaze mikono juu ya barafu, apige miguu nyuma mpaka mwili ulale juu ya maji, ajisukume kifudifudi, na akishatoka asisimame. Ajiviringishe mpaka mbali na tundu. Hata kama ameshindwa kutoka, ana karibu saa 1 kabla baridi haijampotezea fahamu, ikiwa kichwa kiko juu, kwa hiyo abaki ameiweka mikono kwenye barafu na kuita. Wavuvi wa nchi hizo huvaa shingoni misumari miwili yenye vishikio, iliyofungwa kwa kamba, ya kuchoma barafu na kujivuta. Anayemwokoa asiende kwa miguu. Alale, arushe kamba, fimbo au koti.

Mwezi wa Machi na Aprili ndio wa kuhofia zaidi kuliko Disemba. Mto hufunguka kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya polepole, barafu inaoza mahali ilipo. Ya pili ni ya ghafla: maji ya theluji inayoyeyuka yanaujaza mto, yanainyanyua barafu ikiwa bado ngumu, yanaivunja na kuishusha kwa kishindo. Mito inayokwenda kaskazini ina shida kubwa zaidi, kwa sababu huyeyukia juu kusini wakati chini kaskazini bado imefungwa, na barafu hurundikana ikazuia maji. Mei 2001 mto Lena nchini Urusi ulizibwa hivyo, na mji wa Lensk ukagharikishwa.

Katika njia ile ya polepole, jua la Machi hupenya ndani ya barafu na kuyeyusha mipaka baina ya fuwele zake, ambazo zimesimama wima kutoka juu hadi chini. Unene haubadiliki, lakini kinachozishikanisha kimekwisha, na barafu ya sentimita 40 inaweza kuachana mguuni mwa mtu katika vijiti virefu. Mwanao akiona barafu imekuwa ya kijivu, ina vidimbwi juu, au imeachana na ukingo na kuna maji baina yake na nchi kavu, asiingie tena mtoni mwaka huo, hata kipimo kikisoma unene gani na hata akiwaona wengine wanapita.